Nani Alichinja Ng'ombe wa Mheshimiwa

Kwenye matanga, kwenye harusi, hata kwenye sherehe ya mtoto aliyepita mtihani, kuna swali moja ambalo Waislamu wa upande wetu wa Otonglo huuliza kabla ya kunawa mikono. "Nani amechinja?" Wakiambiwa ni Okinyi, wananawa. Hawaulizi kama nyama imeiva wala kama chumvi imezidi.

Okinyi ni babu yangu. Jina lake lote ni Hassan Okinyi. Hassan alipewa na baba yake, aliyetoka Mumias akifuata biashara ya ngozi. Okinyi alipewa na mama yake, Mjaluo wa Seme, kwa sababu alizaliwa asubuhi. Watu wa msikiti humwita Mzee Hassan, watu wa kanisa humwita Okinyi, na yeye huitika yote mawili. Mimi shule niliacha mapema, kwa hivyo mchana tunakuwa nyumbani mimi, yeye na nyanya yangu Saumu, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona mwenyewe au nimeyasikia yakirudiwa mpaka nikayajua.

Ana visu vitatu. Huvifunga kwa kipande cha gunia, akavitia ndani ya mkoba wa ngozi ambao ulikuwa wa baba yake. Hanoi kisu mnyama akiona. Hachinji mnyama mwenye kiu, lazima kwanza aletewe maji kwenye karai, na asipokunywa babu husimama tu hapo, mikono nyuma, akingoja, wenye sherehe wakimtazama kwa hasira. Siku moja pale Kondele askari alisimamisha boda boda aliyopanda, akafungua mkoba.

"Mzee, hivi visu vyote ni vya nini?"

"Vya matanga."

Askari akashtuka. Mwenye boda ndiye aliyemwokoa. "Afande, mwache. Huyu asipofika, nusu ya wageni watalala njaa."

Kwa sababu kwetu familia zimechanganyika. Mtu ni wa kanisa lakini shemeji yake ni wa msikiti, na siku ya kuzika lazima wote wale chungu kimoja. Ndiyo maana hata matanga ya Wakristo humwita babu. Wakristo hawana neno kuhusu nani amechinja, lakini wanataka shemeji ale.

Kuna kuku mmoja ambaye nyanya hajamsahau mpaka leo. Ilikuwa harusi ya binti ya Mama Atieno, jirani yetu. Kuku wa nane alimfia babu mkononi kabla kisu hakijamgusa. Babu akamweka kando.

Mama Atieno akaja mbio. "Unamweka wapi huyo? Kuku ni kuku, Mzee. Kwani nani ameona?"

"Mimi nimeona," babu akasema.

Akarudi nyumbani kwa miguu, akachukua kuku wetu, tena yule aliyekuwa akitaga, akaenda kumchinja kwa harusi ya watu. Nyanya akitaka kumnyamazisha kwa jambo lolote, hata la ushuru wa soko, humwambia, "Nirudishie kuku wangu kwanza."

Sasa miguu ya babu imechoka. Hawezi tena kuzunguka boma hadi boma, kwa hivyo kazi yake nyingi iko kwenye kichinjio cha Otonglo, nyuma ya soko. Ni sakafu ya saruji, nguzo nne na mabati. Mwaka huu watu wa afya walikuja na vitabu vyao wakasema mahali hapo hapana kibali, na bila kibali patafungwa. Mheshimiwa akaahidi kuisukuma barua ya kibali hicho. Babu alilala na kuamka na barua hiyo. Kichinjio kikifungwa, visu vyake vitabaki ukutani.

Mheshimiwa ninayemsema ni mwakilishi wa wadi yetu, Bwana Ondiek. Kwa Kijaluo jina hilo ni fisi, na watu wa sokoni hawaliachi lipite bure. Yeye si mtu mbaya. Anasalimia, anafika matanga, na akikaa husikiliza mpaka mwisho. Tatizo lake ni kwamba akimsikiliza huyu anamkubalia, akimsikiliza yule anamkubalia pia, na baadaye wote wawili wanakutana.

Ndivyo ilivyokuwa kwa uwanja. Nyuma ya soko kuna uwanja ambao watoto wa madrasa husomea siku za kawaida, na Jumapili kanisa la Pasta Fabian Amolo huusimamishia hema, kwa sababu kanisa hilo bado halina jengo. Wakati wa kampeni Mheshimiwa alisema uwanja huo ni wa watoto, hakuna atakayeugusa. Kisha mwaka huu wakaja vijana na kamba na vigingi, wakaupima kwa ajili ya vibanda vipya vya soko.

Sheikh Makokha wa msikiti wetu na Pasta Amolo walikuwa hawaelewani hata kidogo. Mmoja alilalamika kuhusu kinanda, mwingine alilalamika kuhusu spika za alfajiri. Lakini vigingi vilipopigwa, wote wawili walisema maneno yaleyale wiki ileile. Nyanya akasema Mheshimiwa amefanya ambalo hata Mungu alikuwa analichukulia polepole.

Pasta alisema kanisani kwake kwamba hatampa Mheshimiwa maiki tena. Sheikh, siku ya Ijumaa, alisema hivi, "Mtu akikudanganya mara ya kwanza, mwombee. Mara ya pili, mwambie. Mara ya tatu, usile kwake." Hilo la mwisho ndilo lililozunguka Otonglo yote kabla ya saa kumi. Usile kwake. Hapa kwetu, kumwambia mtu hutakula kwake ni kumwambia kwamba hata akifa hutakwenda kumzika.

Mheshimiwa alikuja kwetu Jumatano, peke yake, bila gari, amevaa kofia kama mtu asiyetaka kuonekana. Nyanya akampa kiti cha plastiki kile kizima.

"Jaduong'," akamwita babu, ambayo ni mzee kwa heshima, "nimekuja na shida."

"Shida ya kichinjio?"

"Ya kichinjio iko njiani, barua imebaki sahihi moja tu. Hii shida ni yangu." Akavua kofia. "Nimemwendea Sheikh Makokha. Nimemwendea Pasta. Nimewaambia sitaki kupigana na watu wa Mungu. Waje kwangu Jumamosi, tukae, waniambie usoni yale wanayosema nikiwa sipo. Pasta amekubali. Sheikh naye, kwa shida, akasema atakuja."

"Atakuja kula?"

"Amesema atakuja. Sasa nataka tule, Jaduong'. Sitaki Waislamu wale huku na Wakristo kule. Ng'ombe mmoja, chungu kimoja. Hiyo ndiyo sababu nimekuja kwako. Ukichinja wewe, hakuna mtu atauliza."

Babu alimtazama sana. Nafikiri alipenda kwamba mtu mkubwa amekuja mwenyewe badala ya kumtuma kijana. "Ng'ombe aje akitembea," akasema. "Na awe na maji."

"Atakuwa na maji. Na siku hiyo, mbele ya wote, nitakupa barua yako mkononi."

Ijumaa usiku simu ya babu ililia. Alikuwa Byron, kijana wa Mheshimiwa anayemshikia mambo. Akasema ng'ombe amechelewa njiani, babu asije saa mbili kama walivyopanga, aje karibu na saa sita. Babu akauliza, saa sita nyama itaiva lini? Byron akasema, "Mzee, wewe usijali, hiyo tumepanga." Babu akakata simu, akabaki akiitazama.

Jumamosi tukaenda, babu na mkoba wake, nyanya na sufuria zake mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyeombwa kupika pilau na hapiki kwa sufuria za watu. Boma la Mheshimiwa haliko mbali na barabara ya Busia. Hema lilikuwa limesimamishwa, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe. Tulipozunguka nyuma ya nyumba, tuliona ngozi imetandazwa kwenye ua, na kichwa cha ng'ombe kimewekwa juu ya majani ya mgomba kikitazama geti. Nyama yote ilikuwa tayari motoni.

Babu alisimama. Aliushika mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja hospitali na kukuta kitanda kitupu.

"Mzee wetu!" Byron akaja akicheka. "Karibu. Tumekupunguzia kazi."

"Nani amechinja?" babu akauliza.

Miaka yote hiyo yeye ndiye jibu la hilo swali. Sikuwahi kumsikia akiliuliza.

"Ni huyu Ochieng," Byron akasema, akimwonyesha kijana mmoja mnene aliyeshika panga. "Mzee, usikasirike. Dume ni ngumu. Angechinjwa saa mbili, saa saba tungetafuna kiatu. Nikasema tumalize mapema, wewe ukuje umalizie kwa upande wako. Na tulifuata kila kitu. Hata tulimgeuza akaangalia Maka."

"Maka iko wapi?"

Ochieng akanyoosha panga kuelekea ziwani.

"Huko ni samaki na Uganda," nyanya akasema. Kibla kwetu ni upande wa milima ya Maragoli, yaani ng'ombe yule alikuwa ameipa Maka mkia.

Byron akajikuna. "Basi Mzee, si usome tu ile maneno yenu hapa juu ya sufuria. Hata sisi chakula tunaombea kikiwa mezani."

"Nyinyi mnaombea chakula," babu akasema. "Mimi nataja jina la Mungu kabla ya kutoa roho. Hii roho imeshatoka. Nimwambie nani?"

"Sawa. Basi chinja kuku. Kuku mmoja tu. Sheikh akiuliza nani amechinja, unasema, mimi. Na si uongo, utakuwa umechinja."

Nyanya ndiye aliyejibu, kwa Kijaluo, na sitaliandika hilo jibu.

Wakati huo Mheshimiwa alitoka nyumbani akifunga vifungo vya mikono ya shati. Aliona sura ya babu, akaona ngozi uani, akamwona Byron akitazama viatu vyake, na nadhani alielewa yote kabla ya kuambiwa. Alimvuta Byron kando. Hatukusikia alichomwambia, lakini Byron alirudi macho mekundu. Mheshimiwa akaketi juu ya gogo la kuni na suruali yake ya suti.

"Jaduong'. Nimeaibika."

"Bado," babu akasema. "Wageni hawajafika. Nunua mbuzi, nichinje sasa hivi."

"Saa ni sita. Mbuzi atoke wapi na aive saa ngapi? Na nikiwapikia wao sufuria yao kando, si nitakuwa nimewatenga kwenye kikao ambacho nimewaitia umoja?"

"Nunueni samaki Otonglo," nyanya akasema. "Samaki hana mchinjaji."

"Mama, nimemwalika Sheikh kwa ng'ombe, mtaa mzima unajua, halafu nimpe samaki wa barabarani?" Akajipangusa uso. "Miezi miwili nimemtafuta huyu mtu. Ijumaa ile aliwaambia watu wasile kwangu. Leo anakuja. Nikimwambia kwamba hata ng'ombe wangu ni uongo, atafanya nini?"

Kwenye mfuko wa shati lake ilionekana bahasha nyeupe. Sote tuliiona. Na yeye aliona kwamba tumeiona, akaifunika kwa mkono, kwa aibu, si kwa vitisho. Hilo lazima niliseme. Hakusema neno lolote kuhusu barua.

"Sitakuambia useme uongo," akasema mwishowe. "Naomba tu usiondoke. Ukiondoka, watauliza uko wapi."

Babu akafikiri. "Sitaondoka. Lakini Sheikh akiuliza, nitamjibu."

"Akiuliza, mjibu."

Wakaachana hivyo, na kila mmoja alionekana kama amepumzika kidogo. Babu alijua Sheikh lazima atauliza, kwa sababu kila mtu huuliza. Mheshimiwa, sijui alitegemea nini. Labda muujiza.

Wageni walikuja baada ya sala ya adhuhuri. Pasta Amolo alitangulia, na wazee watatu wa kanisa lake. Halafu Sheikh Makokha na watu kama kumi wa msikiti. Sheikh ni mtu mwembamba, mrefu, anayetembea kama anahesabu hatua. Aliingia hemani uso umekaza. Akamsalimia Mheshimiwa kwa ncha za vidole, akatazama viti, akatazama moshi nyuma ya nyumba. Kisha macho yake yakampata babu, aliyekaa kiti cha nyuma, mkoba magotini.

Uso wa Sheikh ukafunguka.

"Ah! Mzee Hassan yuko hapa!" Akageuka kwa watu wake. "Basi tumeshakula."

Watu wakacheka. Mabega yao yakashuka. Mmoja alivua koti. Sheikh akampa Mheshimiwa mkono kwa mara ya pili, na safari hii alimpa mkono mzima. "Umefanya vizuri, Bwana Ondiek. Hili sikulitegemea kwako."

Hakuuliza.

Nilimtazama babu. Alikuwa amejiandaa kwa swali, na swali halikuja, kwa sababu yeye kukaa pale kwenye kiti ndiko kulikuwa jibu. Kila dakika aliyokaa kimya alikuwa akisema, nimechinja mimi. Mheshimiwa naye alilijua hilo. Alimtazama babu mara moja tu, mbio, kama mtu anayemwomba mwenzake asikohoe.

Hotuba zilikuwa fupi. Mheshimiwa alisema mambo mazuri kuhusu amani. Pasta akasema yeye amekuja kusikia kuhusu uwanja, amani ataisikia baadaye, watu wakacheka tena. Sahani zikaanza kuja. Harufu ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Msichana akapita na birika na beseni la kunawia, akaanza na Sheikh. Sheikh akakunja mikono ya kanzu, akanyoosha mikono.

"Sheikh," babu akasema, "usinawe bado."

Alikuwa amesimama. Mkoba ulikuwa mkononi, na aliufungua pale pale, akatoa visu vyake bado vimefungwa kwa gunia lake. Kamba haikuwa imefunguliwa.

"Sikuchinja mimi. Nimefika, nimekuta kazi imekwisha. Nilisema nitangoja uulize. Hukuuliza, kwa sababu umeniona nimekaa. Basi nisikae nikakulisha kwa uso wangu."

Maji ya birika yaliendelea kumwagika kwenye beseni mpaka msichana akakumbuka kuinua. Mzee mmoja wa msikiti, aliyekuwa ameshavuta sahani ya nyama karibu, aliisukuma mbali polepole, akafuta vidole kwenye kitambaa cheupe cha kiti.

Sheikh hakumtazama babu. Alimtazama Mheshimiwa. "Ulijua?"

Byron akasimama haraka. "Sheikh, ni mimi, ni makosa ya vijana, Mheshimiwa hakuwa..."

"Kaa chini, Byron," Mheshimiwa akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu saa sita."

"Na ungeniacha nile?"

Nilidhani atazunguka. Mtu aliyezoea kuwakubalia wote, sasa yuko katikati yao wote. Alishika mgongo wa kiti.

"Ningekuacha ule," akasema. "Nilikuwa natazama mikono yako ikienda kunawa na ningekuacha."

Sheikh akakunjua mikono ya kanzu, upande mmoja, kisha wa pili. Watu wake walianza kusimama wakijua wanaondoka. Lakini yeye alikaa.

"Bwana Ondiek," akasema, "nimekuuliza maswali kuhusu uwanja tangu mwaka jana. Kila jibu lako lilikuwa na mlango wa nyuma. Hili ndilo jibu la kwanza umenipa halina mlango wa nyuma." Akawageukia watu wake. "Kaeni."

"Basi mimi niulize langu angali hivyo," Pasta Amolo akadakia. "Uwanja. Umeshaupa watu?"

"Vibanda ishirini vina majina," Mheshimiwa akasema. "Ni watu walionisaidia kampeni. Niliwaahidi. Na nyinyi niliwaahidi. Sijui nitamwambia nani nini."

Pasta akapuliza hewa. "Omera," akasema, kama anavyomwita mtu wa rika lake, "kumbe ulikuwa umebeba mzigo huu peke yako ukicheka hivyo?"

Msichana alimletea Pasta beseni. Akalisukuma. "Sili. Siwezi kutafuna ng'ombe huku mwenzangu akinitazama. Mheshimiwa, hapa kwako hakuna kitu kingine?"

Nyanya akatokea mlango wa hema na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote. "Nilisema samaki tangu saa sita," akasema. "Mimi nasonga ugali. Sufuria zangu ni safi, sijazitumia. Nani anaenda Otonglo?"

Byron akainuka, lakini Mheshimiwa alikuwa ameshatoka. Magari ya wageni yalikuwa yameziba geti, kwa hivyo alisimamisha boda boda barabarani, akaenda na suti yake. Mama Akinyi anayekaanga samaki pale sokoni ndiye aliyetupa habari za huko. Anasema wanawake walimpigia vigelegele. "Leo fisi amekataliwa na ng'ombe!" Mwingine akamwambia, "Chagua wakubwa, Mheshimiwa, hao wa chini ni wa wapiga kura." Alivumilia. Akanunua samaki aina ya ngege wote waliokuwa kwenye meza tatu, wakafungiwa kwenye magazeti, na akarudi amewapakata kifuani, mafuta yamepita mpaka kwenye tai.

Alichelewa karibu saa nzima. Katika saa hiyo Sheikh na Pasta walikaa na njaa, na mtu mwenye njaa hana hotuba. Wakazungumza kuhusu spika. Pasta akakubali kinanda kinyamaze wakati wa adhana. Sheikh akasema spika moja ya msikiti ilielekezwa kwenye nyumba ya Pasta kwa bahati mbaya. "Bahati mbaya ya miaka minne," Pasta akasema. Walicheka wote wawili, kwa shida kidogo.

Samaki walipokuja walikula kwa mikono, ugali wa nyanya ukaisha, na wazee wa kanisa na wa msikiti wakagombania vichwa. Ng'ombe alibaki kwa vijana na madereva. Uwanja haukuamuliwa siku ile. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba kabla ya kigingi kingine kupigwa, watatu hao watauzunguka pamoja kwa miguu, na wale watu ishirini wa vibanda wawepo.

Wakati wa kuondoka Mheshimiwa alimfuata babu getini, akatoa ile bahasha. Ilikuwa na doa la mafuta.

"Jaduong', hii ni yako. Nilikuwa nimeipanga mbele ya watu."

Babu aliitazama. Alikuwa ameitaka sana, mimi najua. "Leo usinipe," akasema. "Ukinipa leo, kuna mtu atasema nimelipwa kwa yale niliyosema. Na mwingine atasema nimelipwa kwa yale niliyochelewa kusema. Kama ni haki yangu, niletee siku nyingine."

"Bado ina sahihi moja imebaki," Mheshimiwa akasema, chini chini. "Ningekupa hivyo hivyo."

"Basi ndiyo hiyo," babu akasema, akampa mkono.

Njiani, tulipokwisha kuvuka barabara, nyanya alimgeukia babu. "Ulichelewa," akasema. "Alikuwa ameshanyoosha mikono."

"Najua."

"Nilidhani utamwacha anawe."

"Hata mimi nilidhani," babu akasema.

Wiki mbili zimepita. Waliuzunguka uwanja, niliwaona, Sheikh na hatua zake ndefu, Pasta akihema nyuma, Mheshimiwa katikati akionyeshwa vigingi vyake mwenyewe. Vibanda kumi na viwili vimehamishiwa upande wa barabara, na vinane bado vinagombaniwa. Kichinjio hakijafungwa, wala kibali hakijafika. Watu wa afya walipita Jumatatu, wakaandika kitu kwenye nguzo kwa chaki, wakaenda. Babu hakuifuta.

Jana Byron alikuja kwa boda boda. Hakuingia, alisimama mlangoni amevua kofia.

"Mzee, shikamoo. Kuna kikao kingine Jumamosi, kwa Pasta. Mheshimiwa ndiye anatoa ng'ombe. Amesema niwaambie ng'ombe atakuja akitembea, na mimi ndiye nitamleta kwa kamba mpaka hapa."

"Na barua?" nyanya akauliza kutoka jikoni.

"Bado, Mama. Sahihi moja."

Nyanya akagonga kifuniko cha sufuria. Babu alikuwa ameshashusha mkoba ukutani.

"Mwambie nitangoja," akasema. "Na ulete karai. Ng'ombe atanywa maji kwanza."